Walinichagulia Miguu

Siku hizi mtu hudungwa sindano ya kukinga mishipa isizibe, ya sehemu moja tu ya mwili: moyo, kichwa au miguu. Kwetu anayechagua ni kikao cha familia. Mimi niliomba kichwa, maana mishipa ya ubongo wa mama ilipoziba kwa mafuta, alisahau hata jina langu.

“Ukisahau tutakukumbusha,” alisema Mwinchande, mume wangu. “Ukikosa miguu, nani atatuhudumia?”

Mashemeji wakacheka. Nikadungwa sindano ya miguu.

Jioni hiyo Mwinchande akaniagiza chai.

“Kajichemshie mwenyewe!” nikamjibu.

Nikatoka kwenda kwa dada, nikitembea kwa hasira. Kwenye njia panda ninayoipita tangu utotoni, nikasimama. Sikujua nikate kushoto au kulia.

Miguu waliyonichagulia haikuwa imechoka hata kidogo.