Matuta Mia Nne Ishirini na Moja

"Linabaki moja," alisema Masalu, akarudi shambani kuhesabu tena.

Ilikuwa mara ya tatu. Mama yake, Bi Dorotea, alikaa kwenye kigoda, mikono kaifunga ndani ya kanga. Siku hiyo hakumpa mtu mkono. Shikamoo alizipokea kwa kichwa, na ugali alioletewa ulirudi mzima. Wakasema ni majonzi, na kweli alikuwa nayo. Kila Masalu aliporudi, mama alimtazama mdomoni kama mgonjwa anayengoja majibu.

Mwaka ule viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa, na wenye fedha wakawa wananunua viwanja hadi kwao Buswelu. Watoto sita wa Bi Dorotea walitaka kugawana shamba la marehemu baba yao, kila mtu auze chake. Mama angehamia Nyegezi kwa Masalu, alale sebuleni. Kaburi la mumewe lingebaki uani kwa mtu asiyemjua.

Marehemu aliacha sharti moja mbele ya ukoo: wagawane matuta sawasawa, tuta lisikatwe, wala lisibaki hata moja. Likibaki, shamba ni la mama yao mpaka afe.

Kwa watu sita, lilibaki moja. Kija, dada yao, akasema basi yeye anajitoa, wagawane watano. Moja. Wakajaribu wanne. Moja. Wakamhesabu na mama, wakawa saba. Moja.

"Mzee anatucheka huko aliko," alisema Masalu. "Hilo la mpakani hata majani ya viazi yamenyauka. Tulivunje tu."

Baba mdogo Machibya, aliyekuja kushuhudia, akamwambia kwamba atakayelivunja amevunja neno la marehemu, na asimwite tena baba.

Masalu akamwita binti yake Evelina, aliyekuwa kidato cha pili. Evelina akachuchumaa, akakokotoa vumbini kwa kijiti: mbili, tatu, tano, saba, akaenda mpaka kumi na tisa.

"Haigawanyiki, baba. Labda mwe watu mia nne ishirini na moja, kila mmoja na tuta lake."

"Endelea mbele."

"Ishirini na moja mara ishirini na moja imeshapita. Mbele ni kurudia tu."

Masalu akatema mate, akachukua baiskeli yake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kuaga vizuri.

Evelina alibaki. Aliliangalia lile tuta la mpakani kwa muda mrefu.

"Bibi, juzi nilikuhesabia mia nne na ishirini."

Bi Dorotea akafungua kanga. Viganja vilikuwa malengelenge matupu, mengine yameshapasuka.

"Sasa nilishe, mjukuu wangu," alisema. "Tangu jana mkono haushiki tonge."