Ncha ya Sindano

Ncha haikuonekana. Thoa alipapasa meza, akapapasa sakafu, akakung'uta mapaja yake. Sindano ya cherehani ilikuwa imekatika, na kipande kidogo kuliko punje ya mchele kilikuwa kimepotea.

Kwenye kile kiwanda cha nguo cha Binh Duong sheria ilikuwa moja: hupewi sindano mpya mpaka vipande vyote vya ile iliyovunjika vibandikwe daftarini. Kikikosekana kimoja, safu nzima inasimama na mwenye kosa anaandikwa. Thoa alikwisha kuandikwa mara mbili. Ya tatu ni kufukuzwa, na mumewe hakuwa na kazi tangu Tet, sikukuu ya mwaka mpya.

Basi akafanya ujinga. Alitoa sindano kuukuu kwenye droo ya cherehani, akaikata ncha kwa koleo, akaibandika daftarini badala ya ile iliyopotea.

"Umepata vyote?" aliuliza Quyen, msimamizi wa safu, ambaye pia alikuwa jirani yake, amepanga chumba cha pili.

"Vyote, dada."

"Mbona jasho linakutoka kama umekimbizwa na mbwa?"

"Joto tu, dada."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Thoa ilikuwa na urefu wa ukumbi mmoja. Walikuwa wakishona vinguo vya kulalia vya watoto wachanga, vya kwenda Ulaya. Kabla ya kuingia kwenye maboksi, kila kimoja kilipita kwenye mashine inayotambua chuma, na kila fungu lilikuwa na namba ya aliyelishona. Mashine ikilia kwa fungu lake, kwaheri kazi. Alijifariji kwamba angalau hakuna mtoto wa mtu atakayechomwa. Mashine ingewahi.

Siku mbili hakugusa chakula. Kila mashine ilipopiga kelele kwa fungu la mtu mwingine, aligeuka kutazama, na mara moja nusura ajishone kidole. Fungu lake lilikuwa bado kwenye foleni.

Siku ya tatu asubuhi meneja alipanda juu ya kiti. Ushuru umepanda huko ng'ambo, mnunuzi amefuta oda. Hakuna kupitisha nguo mashineni tena, hakuna kufunga maboksi.

Wanawake wakaanza kulia. Thoa naye alijifunika uso kwa viganja, wenzake wasione anavyotabasamu.

Quyen na nusu ya safu waliruhusiwa kuondoka mchana. Thoa alibakizwa kusafisha cherehani, akazisafisha kwa furaha, akarudi jioni akiwa na njaa ya siku tatu. Kilio cha mwanawe mchanga alikisikia tangu getini.

Mama mkwe alimpokea mlangoni, mtoto begani.

"Afadhali umekuja. Quyen kaleta zawadi mchana. Anasema nguo zilikuwa zitupwe, wakaruhusiwa kuchukua. Akalitafuta fungu lenye namba yako, mjukuu wangu avae kazi ya mama yake."

Thoa alishika mwimo wa mlango. "Anaumwa nini, mama?"

"Hata sielewi, mwanangu. Homa hana. Ila tangu nimvalishe, kila nikimkumbatia anapiga ukelele."