Asilimia Nne

"Nne!" Inas aliipiga meza kofi. "Asilimia nne tu ya nguvu zake! Kadi ya picha ya kompyuta imekaa tu kama mgeni wa harusi, prosesa ndiyo inatoka jasho peke yake."

Kompyuta ilikuwa ikiunganisha sehemu ya ishirini na tisa ya tamthilia ya Ramadhani, na kioo kilisema bado saa tatu na dakika kumi. Saa ya ukutani ilisema kumi na nusu. Mzinga wa futari ungelia saa kumi na mbili na dakika kumi, na baada ya tende na maji Cairo nzima ingegeukia televisheni. Kituo kilishasema wazi: faili lisipofika saa kumi na mbili kamili, wanaweka kipindi cha mapishi, na tamthilia ndiyo imekufa hapo hapo.

Miaka tisa Inas alikuwa amehariri kazi zikaandikwa majina ya wanaume. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, jina lilikuwa lake.

"Jana ilichukua muda gani?" aliuliza Ustadh Rushdi kutoka kwenye kochi.

"Dakika kumi na nane."

"La haula!"

Ustadh Rushdi ndiye aliyekuwa mwandishi wa tamthilia, mzee wa miaka sabini ambaye bado aliandika kwa kalamu ya wino na ambaye hata simu yake ilimshinda. Waandishi wengine wakishatoa kurasa zao huwaoni tena. Huyu alikuwa hapo tangu asubuhi, saumu kinywani, anampa moyo. Inas alimpenda kwa hilo.

Simu ikalia. Tharwat, mwongozaji, alikuwa kwenye eneo la kupiga picha, na sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Inas, bibie, unaniua! Waigizaji wamekwisha kuvaa. Nijue umetuma ndipo nipige sehemu ya thelathini usiku huu."

"Na ikishindikana kutuma?" mzee alidakia.

"Ikishindikana, Ustadh, hakuna cha thelathini. Kila mtu anaenda kwao kula kunde."

"Mungu apishe mbali," alisema mzee, akajifuta jasho.

Inas akaingia chini ya meza. Waya wa kioo ulikuwa umechomekwa kwenye kadi, mahali pake. Akafunga programu zote zisizohusika. Akatafuta toleo jipya la programu inayoendesha kadi, akaliweka, akaizima kompyuta, akaiwasha, akaanza upya. Akatazama kipimo.

Nne.

"Labda joto, binti yangu," alisema Ustadh Rushdi. "Hebu fungua uangalie vumbi."

Akafungua. Akapuliza, akafuta feni kwa kitambaa, akafunga skrubu moja moja. Robo saa nzima ilipotea. Nne.

"Labda umeme hautoshi? Muulize bawabu."

Bawabu akaulizwa, akaapa kwa Mtume kwamba umeme haujawahi kuwa mzuri kama leo. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Inas akaanza kulia bila kujijua, machozi ya hasira.

"Haraka haraka haina baraka," mzee alimtuliza. "Mwachie Mungu. Nimeona tamthilia ngapi zikikatika katikati, na dunia haikuanguka."

"Yako haikuanguka, Ustadh! Yangu inaanguka hii hapa, naiona!"

Alijuta papo hapo kumfokea. Mzee wa watu, kosa lake nini?

Pakabaki mahali pamoja tu ambapo hakuwa ameangalia: mipangilio ya programu yenyewe ya kuhariri. Aliiweka kwa mkono wake mwezi wa Shaabani, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Kuifungua ilikuwa kama kujikagua mfukoni kutafuta kofia uliyoivaa. Akaifungua hata hivyo.

*Prosesa pekee.*

"Mungu wangu! Mimi huyu? Nimeizima kadi mwenyewe?" Akajipiga kipaji cha uso. "Saumu imenitoa akili kabisa. Wallahi nilikuwa nimelala macho wazi."

Akairudisha, akabonyeza. Feni zikanguruma. Arobaini. Sabini na moja. Tisini na sita! Zile saa tatu zikaporomoka hadi dakika kumi na saba, na Inas akazihesabu zote akiwa wima. Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili faili lilikuwa mikononi mwa kituo.

Akapiga kigelegele mpaka bawabu akaja mbio. Ustadh Rushdi alikuwa akilia kochini, mabega yakimtikisika. Inas akamwinamia, akambusu kichwani.

"Nisamehe kwa kukufokea, baba. Yamekwisha."

Simu tena. "Wamepokea! Uishi miaka mia!" Tharwat alikuwa akicheka. "Sasa, kurasa za thelathini anazo mzee, kaniambia tangu juzi ziko tayari. Zipige picha unitumie. Tukishafuturu tu, tunaanza."

"Baada ya futari, binti yangu," alisema Ustadh Rushdi bila kuinua uso.

"Wanasubiri, Ustadh. Kaa tu, usijisumbue." Koti lake lilining'inia mlangoni. Inas akatoa mfukoni bahasha nene, akazipanga karatasi mezani, chini ya taa.

Karatasi kumi na tisa zilikuwa tupu, hazina hata neno. Ile ya juu peke yake ilikuwa na kichwa, *Sehemu ya Thelathini*, na chini yake, kwa mwandiko wa wino uliopambwa: *Ngoja aende kuswali adhuhuri. Fungua mipangilio. Penye kadi, chagua prosesa pekee. Funga. Kaa ulipokuwa.*