Lango la Elkana

Siku hizi matanga hayaanuliwi mpaka mfiwa amalize mchezo wa video unaosimulia maisha ya marehemu hadi asubuhi yake ya mwisho. Zipora alikuwa amebakiza kitufe kimoja tu, cha kumfungulia mwanawe Elkana lango aondoke na pikipiki iliyomuua.

“Bonyeza, dada, watu wanasubiri,” mdogo wake alimnong'oneza.

Zipora akamwombea Elkana kwanza, kama alivyozoea kila asubuhi, ila safari hii midomo ilikataa kufika kwenye amina.

Kwenye skrini, Elkana akafumbua macho. “Mama, mbona leo sala ndefu hivi? Kuna nini huko barabarani?”

Zipora aliiachia rimoti ikaanguka. Hakuwa amebonyeza chochote, lakini lango lilianza kufunguka.