Maji ya Karai

Hapa kwetu nyumba imo ndani ya shamba, na hakuna anayetoka bila kunawa miguu kwenye karai la langoni. Maji yale ya tope hayamwagwi ovyo. Yanarudishwa kwenye matuta, kwenye mashina ya maharage, kwa sababu sheria hairuhusu udongo wa shamba kuvuka lango lake, hata ule wa kwenye kucha.

Jioni ile Nakijwa, mwenye mimba ya kwanza, aliketi kwenye kigoda huku mama mkwe wake, Namsifu, akimsugua nyayo, maana tumbo halikumruhusu kuinama. Kesho yake angekwenda kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo ada kwa mzaliwa wa kwanza.

"Hebu fungua mdomo," Namsifu alisema ghafla, alipoona wekundu midomoni mwake.

Ulimi ulikuwa mwekundu kwa udongo.

"Nisamehe, mama. Mvua iliponyesha, harufu ya tuta ilinishinda."

"Hata mimi nilitamani nilipombeba mumeo. Sukutua, uteme humu humu."

Nakijwa akasukutua, akatema.

"Na uliomeza?"

Nakijwa aliinamisha kichwa. "Ni mwezi sasa nakula, mama."

Namsifu alibeba karai taratibu, akayamwaga maji kwenye maharage mpaka tone la mwisho. Aliporudi, alilifunga lango kwa komeo.

"Kafungue mizigo yako, mwanangu. Utajifungulia hapa."

"Nikishajifungua nitakwenda kwetu?"

Namsifu aliweka kiganja juu ya tumbo lililolishwa udongo mwezi mzima.

"Wewe utakwenda," alisema.