Jina la Tatu

"Weye unajua kusoma?" muasi aliniuliza, bunduki begani. "Basi soma ile karatasi. Kwa nguvu, watu wote wasikie."

Karatasi ilikuwa bado mlangoni pa ofisi: majina matatu ya makarani wapya. Tangu waasi waingie Kisangani, karani wa serikali akikamatwa hupelekwa mtoni, na hakuna aliyerudi.

Jina la tatu lilikuwa la Wenceslas. Tulifanya mtihani siku moja, benchi moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga mashine ya kuandikia, kidole kwa kidole, nyumbani kwetu Kabondo. Kazi akapewa yeye. Mwezi mzima nilipita hapa kila asubuhi kulitazama jina lake, mpaka nikalichukia.

Sasa alisimama kando yangu, kati ya watu waliokusanywa barabarani. Tai ya shingoni alikuwa ameshaitupa, lakini ncha za vidole vyake zilikuwa bado na wino mweusi wa mashine. Hata wino ule niliuonea wivu.

Nikasoma jina la kwanza, kisha la pili. Wenyewe walikuwa wamekwisha kukimbia ng'ambo ya mto.

"Na wa tatu?"

Wenceslas akaficha mikono mgongoni. "Yaya," akanong'ona, kama anayemwita ndugu yake mkubwa, "pardon. Nisamehe."

Nilisogea karibu na mlango, nikavuta pumzi, nikasoma jina langu, la baba na la babu, polepole, kama karani.

Lilikaa vizuri kwenye orodha ile. Kuliko lake.