Maji ya Mlinzi

Swichi kuu ilijizima tena, na jiko la kantini likawa giza. Mpishi alifyonya, akafuta mikono kwenye aproni, akasubiri viatu vya meneja.

Vilikuja, kwa mwendo wao wa kuburuta. Meneja alisimama mlangoni na tochi, akainusa hewa kama aliyeingia chooni.

"Mama, nimekwambia mara ngapi? Unachomeka oveni yako humu, unaoka keki za kuuza mtaani, umeme wa kampuni unazidiwa. Ukikatika tena kesho, funguo za jiko hili utaziweka mezani kwangu."

"Oveni ipi, bosi? Kagua hata chini ya sinki."

"Siinami kwenye uchafu mimi," akasema meneja, akajikokota kurudi ofisini.

Uchafu. Neno hilo lilimchoma mpishi. Yeye ambaye inzi akitua kwenye sahani, sahani yote inarudi kuoshwa. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa fundi umeme.

Shemeji alipofika alichomoa kila kitu: friji, feni, hata redio. Akabakiza kichemshio tu, vibao viwili vya chuma vilivyoning'inizwa ndani ya sufuria kubwa ya chai.

"Hiki hakina koili, ule waya unaopata moto," akasema. "Umeme unatoka kibao hiki, unapita kwenye maji, unaingia kibao kile. Maji yenyewe ndiyo koili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo shika tochi, shemeji."

Akaubana waya kwa mita yake, akapandisha swichi. Namba iliruka hadi ishirini, kisha giza. Shemeji akaandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani.

"Volti mia mbili thelathini, gawanya kwa ampea ishirini. Ukinzani ni omu kumi na moja na nusu. Sasa zidisha badala ya kugawanya: wati elfu nne na mia sita. Swichi hii ingejizima hata kama ingekuwa na huruma. Mwaga hayo maji, ujaze ya bomba."

Mpishi akamwaga, akajaza. Safari hii mita ilisoma ampea tano, na taa hazikutikisika.

"Omu arobaini na sita. Wati elfu moja mia moja na hamsini. Vibao ni vilevile, sufuria ni ileile. Ubaya uko kwenye yale maji ya kwanza. Uliyatoa wapi?"

"Yale hunijazia mlinzi wa usiku. Kila nikifika nakuta sufuria imejaa, tena vuguvugu, Mungu ambariki."

"Amekwambia ni yeye?"

"Nani mwingine? Anajua mgongo wangu ni mbovu. Nami kikombe cha kwanza cha chai humpa yeye."

Shemeji akazima mita. "Maji safi hupitisha umeme kwa shida. Yakiupitisha kwa urahisi namna hii, yana chumvi. Au kitu chenye chumvi."

"Kitu gani chenye chumvi, halafu kiwe vuguvugu?"

Shemeji akaanza kuzikunja nyaya zake kwa makini zaidi kuliko ilivyohitajika. "Mimi ni fundi umeme tu, shemeji."

Ilimchukua mpishi muda kuelewa. Alipoelewa, alirudi nyuma kutoka kwenye sufuria. Aliwakumbuka wafanyakazi wakilamba midomo: mama, chai yako ina kitu, sijui unatia nini. Akakumbuka vikombe vyake mwenyewe, vya asubuhi baada ya asubuhi. Akakimbilia sinki, akatapika, akasukutua kwa sabuni ya vyombo, akatapika tena.

"Naenda kwa meneja sasa hivi," akasema akijifuta mdomo.

"Ukienda hivi hivi, utaonekana unatafuta wa kumtupia lawama. Kesho tuje kabla ya saa yako. Tumkute sufuriani."

Kesho yake mbingu ilikuwa ndiyo kwanza inapauka walipofika. Mlinzi aliwafungulia geti akitabasamu.

"Mapema leo, mama. Kikombe changu kipo?"

Mpishi alitazama vidole vya mlinzi vikishika kufuli. Akampita kama anavyopitwa mzoga barabarani, na shemeji akamfuata nyuma.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Kupitia mlango walisikia maji yakichuruzika polepole ndani ya sufuria, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyepata nafuu.

"Huyo," mpishi akanong'ona. "Tumempata, mwanaharamu."

Shemeji akamvuta kamba ya aproni. "Geuka kwanza."

Mlinzi alikuwa bado getini, akihangaika na kufuli lake.

Mpishi akasukuma mlango. Meneja alikuwa ameketi juu ya gunia la sukari, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu yote miwili imezama kwenye sufuria ya chai. Mkono mmoja ulikuwa ukimwagia vifundo vilivyovimba maji kwa upawa, na mwingine ukinyunyiza chumvi.